Mlima Unaomwaga Magadi

Katika volkano nyingi duniani, lava hutoka ikiwa nyekundu, na joto lake mara nyingi hupita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Ya Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, hutoka nyeusi. Joto lake ni kati ya nyuzi 500 na 600 tu, hivyo mchana haionekani kuwaka. Usiku ndipo wekundu hafifu hujitokeza. Tena ni nyepesi mno, hutiririka karibu kama maji.

Siri iko kwenye viambato vyake. Lava za kawaida zina silika nyingi, nayo ndiyo huzifanya nzito. Ya Lengai karibu haina silika. Imejaa kabonati za sodiamu na potasiamu. Kwa lugha ya jikoni, ni ndugu wa magadi yanayotiwa kwenye maharage ili yaive upesi. Ikipata unyevunyevu hugeuka nyeupe ndani ya saa au siku chache, na mtu aliye mbali anaweza kudhani kileleni kuna theluji. Hakuna volkano nyingine hai inayojulikana kutoa lava ya namna hii. Moja ya madini yake makuu limeitwa nyerereite, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere.

Lakini athari za mlima huu haziishii kileleni. Mwaka 2007 ulilipuka kwa kishindo na kurusha majivu angani, na milipuko ya aina hiyo imewahi kutokea mara nyingi huko nyuma. Huko Engare Sero, karibu na Ziwa Natron, watu wa kale walipita kwenye tope la majivu yake. Likakauka, likawa jiwe, na leo nyayo zao zaidi ya 400 zinaonekana, vidole na visigino.

Ziwa lenyewe lina magadi makali yanayochoma ngozi, na ukali huo ndio ulinzi wa flamingo wadogo. Takriban robo tatu ya flamingo hao duniani huzaliwa hapo.

Majivu mengine yalipeperushwa hadi karibu na Bonde la Olduvai. Huko liko tuta jeusi lenye umbo la mwezi mwandamo, kimo chake kama mita 9, ambalo upepo hulisukuma takriban mita 17 kila mwaka. Punje zake zina chuma. Ukizisogezea sumaku, zinairukia na kuing'ang'ania.

Inasikitisha kwamba magari mengi ya watalii hulipita tuta hili mbio kuelekea Serengeti. Anayesafiri njia hiyo amwombe dereva asimame, na alitazame akiwa pembeni bila kulipanda. Anayetaka kwenda Lengai aandamane na kiongozi Mmaasai: kwa Wamaasai huo ni Mlima wa Mungu, na bado uko hai.