Redio, Msamiati na Maandalizi ya Majanga katika Kitui na Makueni

Redio inapotajwa pamoja na majanga, aghalabu wasomi humfikiria mtu wa redio ya ridhaa, yaani yule ambaye kwa leseni ya serikali hutuma na kupokea ujumbe kwa mitambo yake mwenyewe bila kutarajia malipo. Nchini Kenya leseni hiyo hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na utambulisho wa vituo hivyo hujulikana kwa herufi na tarakimu 5Z4. Manufaa yake huonekana pale minara ya simu inapozimika. Hata hivyo, mawasiliano hayo ni ya kituo kwa kituo na hayaruhusiwi kuutangazia umma. Mkulima wa Kibwezi au mfugaji wa Kyuso hulipata onyo kwa njia nyingine: redio ya jamii na stesheni zinazotangaza kwa Kikamba. Makala haya yanaiangazia redio hiyo, na hususan maneno yanayopita humo.

Redio Mang'elete ya Nthongoni, Makueni, ni mfano unaostahili kutajwa kwanza. Ilianza kutangaza mwaka 2004, nayo ni zao la muungano wa vikundi vya wanawake zaidi ya 30. Umiliki wa namna hiyo una uzito wake, kwani anayetangaza na anayesikiliza huchota maji katika kisima kimoja, na neno lisiloeleweka huulizwa papo hapo.

Mwaka huohuo wa 2004 ulidhihirisha jinsi neno linavyoweza kuokoa au kuangamiza. Kati ya Januari na Juni, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliwadhuru watu 317 katika Makueni, Kitui na wilaya jirani, na 125 miongoni mwao wakafa. Kisababishi kilikuwa sumu itokanayo na kuvu, ambayo Kenya imezoea kuiita aflatoksini. Istilahi hiyo haimwambii mwananyumba lolote. Akiambiwa kwamba mahindi 'yameharibika', ataosha, atachambua, atapika. Ndivyo alivyofunzwa kukabiliana na chakula kilichoharibika wakati wa njaa. Ilhali upishi wa kawaida hauiondoi sumu hii. Neno 'sumukuvu', lililoshika mizizi Tanzania, linabeba onyo ndani ya umbo lake, na ni ajabu kwamba halijapata nafasi kubwa upande wa Kenya.

Tatizo jingine, ambalo pengine ndilo kubwa zaidi, limo katika majina ya misimu. Kiswahili kiliipa mvua majina kikiwa pwani: masika ni mvua kubwa, vuli ni mvua ndogo. Katika Ukambani mizani hiyo imepinduka. Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo zinazotegemewa zaidi kwa kilimo, na zile za Machi hadi Mei hubabaisha mara nyingi. Hivyo basi, mtangazaji anayesema 'mvua ndogo za vuli zinatarajiwa kupungua' anatoa habari nzito kwa sauti ya habari nyepesi. Msikilizaji asiyejua asili ya istilahi atadhani kilichopungua ni kidogo kilichokuwa kidogo tangu hapo. Ingefaa zaidi kutaja miezi yenyewe.

Kisha kuna hesabu. Utabiri wa msimu hugawa miaka iliyopita katika mafungu matatu yaliyo sawa: mvua chini ya wastani, karibu na wastani, na juu ya wastani. Pasipo dalili yoyote, kila fungu lina uwezekano wa takriban asilimia 33. Wataalamu wanaposema kuwa fungu la juu lina asilimia 45, wanamaanisha kuwa mizani imeinama kidogo upande huo. Ukame bado unawezekana. Kauli hiyo ikitafsirika kuwa 'mvua itaongezeka kwa asilimia 45', mtu anaweza kuuza mtama wake wa akiba na kupanda mahindi shamba zima. Si kosa la mkulima.

Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, iliyoanzishwa mwaka 2011, hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kaunti hizi mbili na nyingine kame. Taarifa hiyo huandikwa kwa Kiingereza na kutumia ngazi tano. Ngazi ya pili na ya tatu zina majina tofauti katika Kiingereza, lakini ni rahisi zote mbili kuishia kuwa 'tahadhari' kwa Kiswahili. Tofauti baina yake si ya mapambo: ya pili inahusu viashiria vya hali ya hewa na malisho kuzorota, ya tatu inaonyesha kuwa hata maziwa, maji na bei za soko zimeanza kuathirika. Pendekezo la 'angalizo' kwa ya kwanza kati ya hizo na 'hatari' kwa ya pili linafaa kujadiliwa. Wakamba wenyewe hawajawahi kukosa majina ya dhiki. Njaa ya mwaka 1961 wanaiita Yua ya Ndeke, kwa vile chakula kilidondoshwa na ndege.

Lakini yapo maonyo yasiyosubiri taarifa ya mwezi. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililowachukua watu kwenda arusini lilisombwa na mto Enziu uliofurika karibu na Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Mito ya mchanga ya Ukambani huweza kujaa kwa mvua iliyonyesha mbali, juu ya kivuko. Onyo la aina hiyo halina haja ya asilimia wala ngazi: linahitaji jina la mto, jina la kivuko, saa, na kitenzi kimoja katika hali ya amri, 'msivuke'. Na hapa, kwa kuwa habari inapaswa kutoka juu ya mto hadi chini kabla maji hayajafika, ndipo yule mtu wa redio ya ridhaa angekuwa na kazi.