Mchezo uliofungiwa Japani, na wageni walioufuata

Wenzangu wa rika langu hapa Pwani watakikumbuka kile kigemu cha mkononi cha betri mbili, chenye kioo cha kijivu na vijumba vyeusi vinavyoporomoka. Boksi liliandikwa kwamba ndani mna michezo 9999, lakini sote tulicheza mmoja tu: vipande vinashuka, unavipanga, safu ikijaa inafutika. Mimi nilijihesabu bingwa wa mtaa.

Juzi mpwa wangu akaniletea simu. "Mjomba, tizama hii." Ulikuwa mchezo uleule, ila vipande havionekani vikishuka. Kipande kinatokea tu, tayari kiko chini, na mchezaji ameshakisukuma mahali pake. Kufika mwisho, majina ya watengenezaji yakaanza kupita kiooni na vipande vikawa vinapotea machoni kila vinapotua. Yule mtu akaendelea kupanga kwa kukumbuka tu kilicho wapi. Nikamwambia mpwa wangu kwamba hiyo video imeongezwa kasi. "Haikuongezwa, mjomba. Ndiyo kasi yake."

Nikaona aibu, nikaenda kusoma.

Tetris yenyewe ilitungwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov. Ile aliyonionyesha mpwa wangu ni ya ukoo mwingine, uitwao Tetris The Grand Master, ambao mashabiki wanaufupisha TGM. Uliundwa na kampuni ya Kijapani iitwayo Arika, ukaingia kwenye kumbi za mashine za sarafu nchini Japani mwaka 1998. Toleo la pili likaja mwaka 2000, la tatu mwaka 2005. Mwaka huohuo wa 2005 likatoka jingine la kuchezea nyumbani kwa Xbox 360, nalo likauzwa Japani peke yake.

Sababu ni ya kibiashara. Jina la Tetris lina wenyewe, na idhini ya kulitumia hukatwa vipande vipande kwa nchi na kwa aina ya mashine. Aliyeruhusiwa kuweka mashine ukumbini Tokyo hakuruhusiwa kwa hivyo tu kuuza kaseti Marekani. Basi kwa mtu wa Ulaya au Marekani, mchezo huu ulikuwa kama harufu ya biriani ya nyumba ya pili.

Sasa mtu atauliza: Tetris ziko tele, kwa nini wahangaike na hii? Hapa ndipo palipo na utamu.

Kiwanja cha mchezo kina safu 20 kwenda juu. Katika TGM, ukifika ngazi ya 500, kipande hupita safu zote 20 ndani ya sehemu moja ya 60 ya sekunde. Yaani hakishuki; kipo chini tu. Ndipo unapewa muda mfupi wa kukisukuma kabla hakijaganda, nusu sekunde katika toleo la kwanza. Na kwa kuwa kiko chini, hakiwezi kupanda ukuta. Ukiacha shimo katikati, kipande kitatumbukia humo na hakitoki. Kwa hiyo inakubidi ujenge rundo lako likiwa limeinuka katikati, ili vipande viteleze kwenda pembeni. Mkono nao unatakiwa kutangulia jicho: unashikilia kitufe cha kugeuza kabla kipande hakijatokea, nacho kinatokea kikiwa kimeshageuka.

Tetris zilizosambaa dunia nzima miaka ya 2000 zilikwenda njia nyingine. Humo uliweza kukizungusha kipande pale chini bila kikomo, na kila ukikizungusha kinakataa kuganda. Ni rehema kwa anayeanza, lakini aliyezoea ukali wa TGM aliiona hiyo kama draughts ambayo mwenzako anaruhusiwa kurudisha kete. Ndiyo sababu hawakuridhika na kilichokuwa dukani kwao.

Halafu kuna madaraja. Mchezo unaanzia daraja la 9, unapanda hadi la 1, kisha S1 hadi S9, na juu kabisa ni GM, bingwa mkuu. Katika toleo la kwanza, kumaliza ngazi ya 999 hakutoshi. Unatakiwa uwe na alama 126,000 na usipitishe dakika 13 na sekunde 30. La pili likaongeza ule mtihani wa vipande visivyoonekana, kama dakika nzima. La tatu ndilo kali kuliko yote: unajiandikisha jina lako, mashine inakumbuka michezo yako ya nyuma, na siku moja bila taarifa inakuwekea mtihani wa kupandishwa daraja. Ukianguka, unarudi kuchuma upya haki ya kuitwa tena.

Wageni waliupata vipi? Wengi kwa macho kwanza. Katikati ya miaka ya 2000 video za mabingwa wa Kijapani zilizunguka intanetini, watu wakadhani ni uongo kama nilivyodhani mimi. Walioamini wakaanza kuzichambua, wakizihesabu picha moja moja ili wajue kipande kinaganda baada ya muda gani. Wakayatafsiri maelezo ya Kijapani. Wenye fedha wakaagiza mashine zenyewe kutoka Japani, wengine wakatumia programu inayoigiza mashine ya zamani ndani ya kompyuta. Wengine wakaandika michezo yao wenyewe kwa kanuni zilezile, ikagawiwa bure.

Najua hapo pana mjadala. Mali ya mtu ni mali ya mtu, na sisi tuliokulia kwenye kaseti za taarabu zilizorudufiwa tunajua nani aliumia: mwimbaji. Kunakili kitu kilicho dukani ni kumnyima mwenyewe haki yake. Lakini kitu ambacho mwenyewe hakuuzii hata ukija na fedha mkononi, hapo mimi ninasita kumwita mtu mwizi, hasa anapojifunza kanuni na kuunda chake.

Mwaka 2015, miaka kumi baada ya toleo la tatu kutoka, Mmarekani Kevin Birrell akawa mchezaji wa kwanza nje ya Japani kupata daraja la GM katika toleo hilo. Mwaka huo mchezo ulionyeshwa pia kwenye maonyesho ya michezo ya kasi kule Marekani, na maelfu ya watu wakauona kwa mara ya kwanza, ukumbi ukishangilia vipande vinavyopotea.

Wenye mali nao wakaanza kufungua mlango. Toleo la kwanza likauzwa kwa mashine za nyumbani ulimwenguni mwaka 2022, la pili mwaka 2023. Kisha Aprili 2025 likaja la nne, jipya kabisa, la kuchezea kwenye kompyuta, na safari hii likauzwa kwa Wajapani na wageni pamoja.

Mpwa wangu keshaanza kuhesabu akiba yake. Mimi nimemwomba anitafutie kwanza kile kigemu cha betri mbili.