Vilima Vilivyo Juu ya Ndakaini

Mei 2018 Nairobi ilikuwa na maji kila mahali isipokuwa kwenye mifereji. Barabara zilifurika, mitaa ya mabondeni ikahamwa, na mgao wa maji ulioanza Januari 2017 ulikuwa ungali unaendelea. Huko Solai, kaunti ya Nakuru, bwawa la shamba la kibinafsi lilikuwa limepasuka usiku na kuua makumi ya watu. Bwawa la Ndakaini, tegemeo kubwa la jiji, lilikuwa likipanda kwa kusuasua. Redioni na kwenye matatu watu wakauliza: mvua yote hii, mbona Ndakaini halijai?

Lilikuwa swali la haki, na jibu lake liko mbali na Nairobi. Bwawa liko Gatanga, kaunti ya Murang'a, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, pale mashamba ya chai yanapokutana na msitu wa Nyandarua. Linalishwa na mito mitatu: Thika, Githika na Kayuyu. Mvua ya Nairobi, hata ikinyesha mwezi mzima, haiingii humo. Na mvua ya Gatanga yenyewe, ikija baada ya kiangazi kikali, hunywewa kwanza na udongo. Udongo ule mwekundu wa volkeno una kina. Huweka maji mengi na kuyaachilia pole pole kupitia chemchemi, mradi haujaachwa wazi ukapigwa na matone hadi uso wake ukafunga. Ukishafunga, maji hukimbia juu juu, hubeba tope, na kufika bwawani yakiwa mekundu. Kwa hiyo kujaa kwa Ndakaini huamuliwa kwenye miteremko ya mashamba, na watu ambao wengi wao hawajawahi kushika bili ya maji ya Nairobi.

Nimechagua kuandika juu ya mradi huu kwa sababu umefaulu. Tumezoea kuhesabu miradi iliyokufa: visima vyenye pampu zilizokauka, mifereji isiyowahi kupata maji, zahanati zenye kufuli. Ndakaini ni habari nyingine. Lilijengwa kati ya 1989 na 1994, sehemu ya fedha ikitoka Benki ya Dunia, na lilipokamilika lilikuwa na uwezo wa kubeba mita za ujazo milioni 70. Mabwawa yaliyolitangulia yanaonekana madogo mbele yake: Sasumua, la 1956 huko Kinangop, hubeba takriban milioni 16. Maji yakitoka Ndakaini hupita katika mahandaki hadi mito ya Kimakia na Chania, yakachukuliwa Mwagu, yakasafishwa Ngethu, kisha yakashuka Gigiri na kugawiwa jijini. Ukuta wa udongo wenye urefu wa zaidi ya mita 60 kwenda juu umesimama miaka yote hii bila kishindo. Wahandisi waliahidi bwawa, na bwawa lipo.

Hesabu iliyolishinda bwawa hilo haikuwa ya wahandisi peke yao. Sensa ya 1989, mwaka kazi ilipoanza, ilikuta Nairobi ina watu milioni 1.3. Sensa ya 2019 ilikuta milioni 4.4. Na kwenye kilima, ambako hakuna aliyekuwa akihesabu kwa niaba ya mradi, familia nazo ziliongezeka, shamba la baba likagawanywa kwa wana, na mipaka ikazidi kusogea chini kuelekea mto.

Hilo huwezi kuliona ukiwa kwenye gari juu ya ukuta wa bwawa. Linataka miguu. Siku hizi Ndakaini ni mahali pa matembezi. Tangu 2004 kumekuwa na mbio za nusu marathoni kandokando ya bwawa, zilizoanzishwa na wenyeji ili kutetea mazingira yake, na mwishoni mwa juma vijana wa Nairobi hufika na mabegi mgongoni kuzunguka bwawa katikati ya chai. Njia ni nzuri. Maji huonekana, hupotea nyuma ya mgongo wa kilima, huonekana tena upande usioutarajia, na asubuhi isiyo na ukungu milima ya Nyandarua husimama wazi magharibi. Wenye mapafu zaidi huenda upande wa Njabini kupanda Elephant Hill. Lakini kwa anayetaka kuelewa bwawa, ningemshauri aache njia ya kuzunguka na akate migongo. Nchi ya Murang'a imepangwa hivyo: migongo mirefu inayoshuka kutoka Nyandarua ikifuatana sambamba, barabara ikipita juu ya kila mgongo na mto ukipita chini ya kila bonde. Ukienda na barabara utaona maduka, kanisa na kituo cha kupimia chai. Ukiikata nchi utashuka hadi mtoni, upande hadi magoti yalie, ushuke tena.

Nenda siku moja au mbili baada ya mvua kubwa. Mahali vijito viwili vinapokutana utaona kimoja kimekuja na rangi ya chai ya rangi, kingine na rangi ya matofali, na vinatembea pamoja hatua kadhaa kabla ya kuchanganyika. Fuata kila kimoja kwenda juu. Kile kisafi kwa kawaida kinatoka msituni au chini ya chai iliyofunga vizuri, maana chai iliyochumwa sawasawa hufunika udongo kama blanketi. Kile chekundu kitakupeleka kwenye shamba la mahindi na viazi lililolimwa kwa mistari inayoshuka na mteremko, au kwenye barabara mpya ya kijijini isiyo na mtaro, ambapo maji yote ya mgongo yamepata njia moja ya kushukia. Hizo barabara husahaulika sana zinapotajwa lawama. Mkulima hulaumiwa kwa tope ambalo mara nyingine limechimbwa na tingatinga.

Kando ya mto ndipo sheria na maisha yanapogongana. Kanuni za maji za 2007 zilitaka ukingo wa mto uachwe, kati ya mita 6 na mita 30 kila upande. Kwenye karatasi ni umbali mdogo. Kwa mwenye nusu ekari inayoishia mtoni, ukanda huo ndio ardhi yake pekee yenye unyevu mwezi wa Februari, wakati juu kote kumekauka. Hapo ndipo zilipo nduma zake, ambazo bei yake sokoni ni nzuri, na nyasi za nepia za ng'ombe wake. Au amepanda mikaratusi, kwa sababu mikaratusi hukua haraka na karo ya shule haisubiri. Ofisa anayefika na kumwambia tu aondoke ukingoni anamwomba atoe sadaka mazao yake ya kiangazi kwa ajili ya watu walio mbali asiowajua. Sishangai kwamba kwa miaka mingi maagizo hayo yaliishia kwenye mikutano ya chifu.

Mambo yalianza kubadilika pale mtu alipokubali kuyaweka haya katika hesabu za fedha. Mwaka 2015 ulizinduliwa Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, shirika la The Nature Conservancy likiwa mstari wa mbele, pamoja na kampuni ya maji ya Nairobi, kampuni ya umeme ya KenGen na kampuni nyingine zinazokula kutokana na maji hayo. Bonde la Tana ya Juu, ambamo Ndakaini limo, ndilo linaloipa Nairobi takriban asilimia 95 ya maji yake, na mabwawa ya umeme yaliyo chini yake yanaumia kwa tope lile lile. Andiko la mfuko lilikadiria kwamba dola milioni 10 zikiwekezwa mashambani zitarudisha faida ya dola milioni 21.5 katika miaka 30. Makadirio ni makadirio. Lakini kwa mara ya kwanza mtaro wa mkulima wa Gatanga ulipewa thamani kwenye daftari moja na bomba la Nairobi.

Mtaro wenyewe unaitwa fanya juu. Unachimbwa kukata mteremko, kwa kufuata usawa uliopimwa kwa kamba na vijiti, na udongo unaotoka unatupwa upande wa juu, hapo ndipo jina lilipotoka. Tuta linalotokea hupandwa nepia. Mvua ya kwanza ikija, udongo unaoteleza kutoka juu hukwama nyuma ya tuta. Baada ya misimu kadhaa kipande kile cha mteremko huwa kimelala karibu tambarare, na mkulima ameongeza tuta lake kidogo kidogo kwa jembe. Nimesimama kwenye tuta la namna hiyo na kutazama: upande wa juu udongo umejaa hadi kifundo cha mguu wa nepia, mweusi kwa samadi, na upande wa chini shina la nyasi limening'inia hewani karibu kimo cha goti. Goti hilo zima ni udongo ambao ungekuwa bwawani. Nepia hukatwa, ng'ombe hula, maziwa huenda kwa mnunuzi. Mama mwenye shamba hakunitajia Nairobi hata kidogo, alizungumzia maziwa. Ndiyo sababu tuta lake lingali hapo.

Pamoja na matuta, wakulima walisaidiwa kuchimba vidimbwi na kuvitandika plastiki ili kuvuna maji ya mvua, wapate ya kumwagilia bila kushuka mtoni wakati wa kiangazi. Hapo ukingo wa mto unaweza kuombwa kwa heshima, kwa kuwa mwenyewe amepewa mbadala.

Lipo jambo moja ambalo matuta hayalimalizi. Kwa miaka mingi wakazi wa Gatanga wamelalamika kwamba wanatazama maji yakienda Nairobi huku wao wakibeba mitungi kutoka mtoni. Gavana wa Murang'a wa wakati huo, Mwangi wa Iria, alidai asilimia 25 ya mapato ya maji. Wengi jijini waliona ni siasa, na siasa ilikuwamo. Ila ukiteremka na mtungi mtupu kwenye njia ya utelezi, bwawa likiwa mbele ya macho yako, dai hilo halihitaji mwanasiasa wa kulieleza.

Kinyongo hicho ndicho kilichoipokea Northern Collector, handaki la karibu kilomita 12 la kuleta maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati upande wa Ndakaini, lita milioni 140 kwa siku. Mpango ulikuwa kuchukua maji ya mafuriko na kuuachia mto sehemu yake. Mwaka 2016 kiongozi wa upinzani wa wakati huo, Raila Odinga, alionya kwamba Murang'a ingegeuka jangwa, na mjadala ukawa wa jukwaani kabla haujawa wa kisayansi. Naamini onyo lile lilipita kiasi. Naamini pia lilipata wasikilizaji kwa sababu watu walikwisha kuona mradi mmoja ukipita mlangoni mwao na kuwaacha na mitungi. Handaki lilizinduliwa 2022, na safari hii miradi ya maji kwa wenyeji ilifuatana nalo. Imechukua karibu miaka 30 tangu bwawa kukamilika.

Awamu nyingine zinapangwa, maana jiji halijaacha kukua. Ningetaka waandaaji wazitembee bonde baada ya bonde mwezi wa Februari, wakati mto uko chini kabisa na kila mtu anayeutumia anaonekana, tena waende na wenye mashamba. Ningetaka fedha za miteremko ziwe fungu la kudumu ndani ya bei ya maji ya Nairobi, zisitegemee wafadhili. Na zifuate kalenda ya mvua. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai, na pesa huchelewa miezi kadhaa kufika mashinani. Nepia ya tuta jipya inatakiwa iwe ardhini Machi, kabla ya masika, la sivyo mtaro uliochimbwa kwa jasho utabomoka kwa mvua ile ile uliochimbwa kuizuia.