Dim Sum Haingoji Mtu

Jumapili saa nne asubuhi, Hong Kong, kupata meza ya watu wanane katika mkahawa wa dim sum, vile vyakula vidogo vidogo vya Kikantoni vinavyoliwa kwa chai, ni kazi. Babu na bibi wametangulia kuchukua namba mlangoni, watoto wao wanafuata na wajukuu mkononi. Ukitazama kwa mbali utaona vurugu tupu: kelele, mabuli ya chai, vikapu vya mianzi vilivyopandishwa kimoja juu ya kingine. Lakini mlo huu una taratibu zake, na nyingi zinatokana na jambo moja la jikoni: wanga uliopikwa kwa mvuke hauvumilii kusubiri.

Chukua har gow, kifurushi kidogo cha kamba ambacho wapishi wa Kikantoni hukitumia kupimana ujuzi. Ngozi yake haitokani na unga wa ngano wa kawaida. Hutumika wanga wa ngano, yaani unga uliokwisha kuoshwa ukatolewa gluteni, ile protini inayolifanya donge la chapati livutike. Huongezwa wanga wa muhogo kidogo, kisha humwagiwa maji yanayotokota. Maji ya uvuguvugu hayafai. Gluteni ikishatoka, hakuna cha kulishikilia donge isipokuwa wanga wenyewe, nao hauanzi kuvimba na kunata mpaka ufikie karibu nyuzi 60 za Selsiasi. Mpishi hulikanda donge lingali la moto, hukata kitonge, hukigandamiza kwa ubapa wa kisu kipana kilichopakwa mafuta, na kwa mzunguko mmoja wa kiganja ngozi inatoka duara, nyembamba. Akishatia kamba hukunja ukingo marinda; saba ni ya kawaida, fundi hodari hupita kumi. Kamba nao wameshughulikiwa mapema: wamesuguliwa kwa chumvi, mara nyingi na magadi kidogo, wakasuuzwa sana kwa maji baridi, ili nyama ishike maji na ikatike kwa mlio chini ya jino.

Dakika chache kwenye mvuke mkali zinatosha. Ngozi iliyoingia nyeupe inatoka ang'avu, wekundu wa kamba ukionekana ndani. Kuanzia hapo unashindana na saa. Wanga ukipoa, molekuli zake hujipanga upya na kuyasukuma maji nje, jambo lilelile linaloupata ugali uliolala. Tofauti ni kwamba ugali ni mnene na hupoa taratibu, ilhali ngozi ya har gow ina wembamba wa milimita moja hivi. Inapoa huku mnapiga soga. Inagandamana na karatasi ya chini, na ukiinyanyua kwa vijiti inachanika, kamba anabaki kikapuni.

Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sababu kubwa kikapu kimoja kubeba vipande vitatu au vinne tu. Na kikapu chenyewe ni cha mianzi kwa sababu ya maana: mfuniko wa chuma hukusanya matone na kuyadondosha juu ya chakula, lakini mianzi hunyonya unyevu na kuuachia mvuke wa ziada njia.

Wageni wengi huulizia yale matoroli ya zamani, mhudumu akipita katikati ya meza akitangaza alichobeba na kugonga muhuri kwenye kadi yenu. Yanapendeza machoni. Ila kikapu kilichozungushwa ukumbi mzima mara tatu kinafika mezani kikiwa kimezeeka, na mimi siyalilii. Siku hizi mikahawa mingi inakupa karatasi na penseli. Unaweka alama, jikoni wanapika. Mpishi Mak Kwai Pui alipofungua Tim Ho Wan mtaani Mong Kok mwaka 2009, duka dogo la viti vipatavyo 20, alipika kwa oda, na haikupita muda mrefu akapewa nyota ya Michelin kwa chakula cha bei ya mtu wa kawaida.

Basi kosa kubwa la familia ngeni ni kujaza karatasi nzima kwa mkupuo. Meza inafurika, watoto wanashiba maandazi ya nyama, na vile vilivyohitaji kuliwa kwanza vinapoa pembeni. Anza na vya kamba na cheung fun, ile mikunjo laini ya unga wa mchele. Siu mai, vifurushi vya nyama, vifuate. Maandazi yaliyoumuliwa yana gluteni, sukari na mafuta, hivyo hustahimili zaidi. Wali wa kunata uliofungwa kwa jani la yungiyungi uje mwishoni, kwani jani hutunza joto na wali hushibisha haraka. Miguu ya kuku, ambayo wageni huikimbia, ndiyo iliyotesa jiko kuliko vyote: hukaangwa kwenye mafuta mengi, hulowekwa maji baridi mpaka ngozi ifure, huchemshwa taratibu, kisha hupikwa kwa mvuke na soya nyeusi zilizochachushwa. Mpe mtoto mmoja ajaribu kabla hujamkatalia kwa niaba yake.

Chai haiji kushushia tu. Wakantoni huuita mlo wote huu kwenda kunywa chai. Hata Guangzhou, mji ambao wafanyabiashara wetu wa Dar es Salaam na Nairobi wanaujua kwa nguo na vipuri kuliko kwa vyakula, asubuhi huanzia kwenye buli. Ni chai ya rangi isiyo na sukari: pu-erh nyeusi ya Yunnan, yasmini, au pu-erh iliyochanganywa na maua ya krisanthemamu. Wazee husema pu-erh inakata mafuta. Mimi nasema inasafisha kinywa, na hilo linatosha. Mdogo humimina kuanzia kwa mkubwa, na kikombe chake huwa cha mwisho. Anayemiminiwa hugonga meza kidogo kwa ncha za vidole kushukuru. Husimuliwa kwamba ishara hiyo ilianza pale mfalme Qianlong wa China, akisafiri kwa kujificha, alipommiminia chai mtumishi asiyethubutu kumsujudia hadharani. Huenda ni hadithi tu, lakini kugonga kwenyewe utakuona kila meza. Buli likiisha maji, egesha mfuniko wake upande. Mhudumu ataelewa bila kuitwa. Vijiti usivisimamishe wima kwenye wali, kwani huwakumbusha wenyeji ubani wa matangani.

Kwa msomaji Mwislamu, kuwapo kwa kamba si kibali. Mjazo wa har gow wa asili hutiwa mafuta ya nguruwe ili usikauke, na ngozi nayo mara nyingi hukandwa nayo. Siu mai ya kawaida ni nguruwe na kamba. Keki ya figili huwa na soseji ya nguruwe, na hata vitobosha vya mayai vya mwisho wa mlo huenda vikawa na mafuta hayohayo kwenye ganda. Kuuliza "mna kitu kisicho na nguruwe?" hakusaidii sana, maana mhudumu atafikiria nyama, hatafikiria mafuta. Njia ya uhakika kwa aliye Hong Kong ni kantini ya halali iliyo ndani ya msikiti wa Wan Chai, barabara ya Oi Kwan, ambako har gow, siu mai na maandazi hupikwa bila nguruwe kabisa. Jumapili hujaa familia, kwa hiyo fikeni kabla ya adhuhuri, na agizeni vikapu vinne vinne.