Ingia Kati, Cheza Peke Yako

Umeshawahi kusukumwa katikati ya ukumbi, muziki ukafunguliwa, watu wote wakakukodolea macho, halafu mwili ukagoma?

Mimi yalinikuta siku ya sendofu yangu, Kayanga, mbele ya ndugu wa pande zote mbili. Wiki nzima nilijifungia chumbani na video ya muziki nikikariri hatua: mbili kulia, mbili kushoto, zunguka. MC akatangaza kwamba bibi harusi mtarajiwa anaingia kati peke yake. Nikaanza vizuri tu. Kufika kwenye kuzunguka, kisigino kikanasa kwenye gauni, hesabu ikapotea. Nikabaki nimesimama kama mgomba. Mama mmoja wa upande wa mume akamwinamia mwenzake, na mimi nikasikia: "Huyu hata kucheza hajui?"

Jamani, maneno mengine hayatoki. Tangu siku hiyo, kila harusi nilikuwa wa kwanza kujitolea kugawa soda, ili mradi nisiitwe kati.

Ndoo ya shangazi

Aliyenitibu ni shangazi yangu, Kyerwa, miezi michache baada ya harusi. Tulikuwa uani tunachambua maharage. Akaniuliza, "Mwanangu, siku ile ulikuwa unacheza au unahesabu?"

"Nilikuwa nahesabu, shangazi."

"Basi simama. Beba ndoo."

"Ndoo ipi?"

"Ya maji. Imejaa mpaka juu, na mlima wa kwetu unaujua."

Nikasimama, mikono mitupu, nikajitwisha ndoo isiyokuwepo. Shingo ikanyooka yenyewe. Magoti yakalegea kidogo, kiuno kikaanza kutafuta mizani. "Ndoo inavuja," akasema. Bega likaruka kana kwamba tone la maji baridi limeniangukia. "Sasa umekutana njiani na kijana unayempenda, na hutaki ajue." Hapo nilicheka, lakini mwili haukusimama. Ulikuwa tayari na mwendo wake: maringo kidogo, aibu kidogo, na maji bado hayajamwagika.

Hapakuwa na redio. Shangazi akarudi kwenye ungo wake. "Unaona? Mwili hauwezi kucheza kitu hewa. Upe kazi."

Baadaye niligundua kwamba wacheza dansi wakubwa duniani hufanya jambo hilo hilo. Kinachoupa mwili kazi wao hukiita kichocheo: inaweza kuwa picha, sauti, kitu cha kushika, hata swali. Pina Bausch wa Ujerumani, aliyefariki mwaka 2009, alikuwa maarufu kwa kuwauliza wachezaji wake maswali ya maisha yao, nao wakamjibu kwa miili. Jirani zaidi na sisi yupo Faustin Linyekula wa Kisangani, Kongo, mwanzilishi wa Studios Kabako. Mwaka 2011 alitoa onyesho la peke yake liitwalo Le Cargo. Kichocheo chake kilikuwa kumbukumbu: ngoma za utotoni huko Obilo, na safari ya kurudi kuzitafuta.

Ng'ombe katika mikono

Kwetu jambo hili ni la zamani. Karagwe ilikuwa himaya ya ng'ombe wenye pembe ndefu. Waingereza Speke na Grant walipofika kwa Omukama Rumanyika mwaka 1861 walikuta ikulu yenye ngoma na pembe za muziki. Na ukivuka mto Kagera leo kwenda Ankole utakuta ekitaguriro, ngoma ambayo mchezaji huinua mikono juu kama pembe. Rwanda nako mikono hupanda vivyo hivyo, kwa madaha. Hapo kichocheo ni ng'ombe: uzito wake, mwendo wake, kiburi chake. Kila mchezaji anaye ng'ombe wake kichwani, ndiyo maana wawili wakicheza ngoma moja hawafanani.

Jaribu nyumbani

Funga mlango, sogeza meza. Geuza kioo kiangalie ukuta, maana kioo ndicho yule mama wa sendofu. Chagua kichocheo kimoja tu kwa siku, dakika tano zinatosha.

Kazi ya mikono. Menya ndizi, chuma kahawa, twanga, pepeta. Anza na vidole kama kawaida. Kisha kazi hiyo hiyo ifanye kwa mkono mzima, halafu kwa mgongo, halafu kwa miguu. Utashangaa mguu unavyoweza kumenya ndizi!

Mnyama. Usiigize sura yake, uigize uzito wake. Ng'ombe anayepanda kilima na kuku aliyenusa mvua hawatembei sawa. Cheza wa kwanza, mgeuke wa pili polepole.

Muziki, kisha ukimya. Chukua Maria Salome wa Saida Karoli, ule wimbo uliotikisa nchi mwaka 2001. Cheza ukifuata ngoma tu. Rudia ukifuata sauti yake tu. Halafu weka Salome ya Diamond Platnumz na Rayvanny ya mwaka 2016, iliyojengwa juu ya wimbo huo, uone kiuno kitadai nini tofauti. Mwisho zima kabisa, uendelee kucheza ule uliobaki masikioni.

Kitu. Kigoda, ungo, shati la mwenzi wako. Kitu kiamue: kina uzito gani, kinakuvuta wapi, kinataka kuwekwa chini au kukumbatiwa?

Swali. Jiulize swali moja ambalo hujawahi kulijibu kwa mdomo. "Nani nilimkasirikia na sikumwambia?" Usilijibu kwa maneno. Ngoja bega au goti lianze.

Ukikwama, usitafute hatua mpya. Badilisha jambo moja katika ulichonacho: ukubwa, kasi au kimo. Kilichokuwa kidogo kikuze, cha haraka kipunguze, cha juu kishushe hadi sakafuni (magoti yakikubali). Na kabla ya kuondoka simama tuli, upumue mara tatu, ili mwili ujue ngoma imeisha.

Kanga ya mama

Utaniuliza, haya yanahusiana nini na ndoa na maisha? Nikwambie.

Mama yangu alipofariki, sikulia. Nilipika, nilipokea wageni, nilihesabu michango. Watu wakanisifu kwamba nina moyo wa chuma. Miezi ikapita. Mume wangu akiniuliza "Uko sawa?" namjibu "Niko sawa." Tukawa watu wawili wanaosalimiana vizuri ndani ya nyumba moja.

Jumamosi moja nikatoa kanga ya mama sandukuni niifue. Nikaishika pindo mbili, kama tulivyokuwa tunakunja nguo pamoja, yeye kule, mimi huku. Mikono ikanyooka ikimngoja ashike upande wake. Hakushika. Nikapiga hatua mbele kwenda kuukutanisha upande wake na wangu, nikarudi, nikaenda tena. Sikupanga kucheza, ila nilijua ninachokifanya: shangazi alishanifundisha. Kanga ilinivuta hadi sakafuni, na hapo ndipo nililia.

Nilipoinua kichwa mume wangu alikuwa mlangoni. Sijui alisimama kwa muda gani. Hakucheka, hakusema "pole". Alikuja akaokota ule upande wa pili wa kanga, akasimama mahali pa mama, tukaikunja. Usiku huo tuliongea mpaka chai ikapoa.

Sisemi dansi ni dawa ya kila kitu. Msiba ukikuelemea, mtafute mtu wa kuongea naye, iwe ndugu, kiongozi wako wa dini au mshauri. Ninachosema ni kwamba yapo mambo ambayo mdomo hauyawezi, na mwenzi wako hawezi kuyaona mpaka mwili uyatoe.

Juzi juzi tulikuwa na sendofu ya binti wa kaka yangu, Omurushaka. MC akaita mashangazi waingie kati, mmoja mmoja. Zamu yangu ikafika, na trei ya soda haikuwa karibu. Nikajitwisha ndoo, ikavuja, nikakutana na kijana njiani. Yule kijana, mwenye mvi sasa, alikuwa meza ya tatu akipiga makofi.

Na yule mama? Alikuwepo, kazeeka. Alikuja pole pole na mkongojo wake, akanituza shilingi elfu mbili, akaninong'oneza: "Kumbe unajua."

Sikumwambia habari za ndoo. Ila wewe nimekwambia. Leo jioni, kabla ya kuwasha televisheni, upe mwili wako kazi.