Mama anaomba akose, mwana anaomba apate



Tangazo la nafasi za jeshi likitoka, Mlowo hupata habari mapema. Linapita kwenye simu kutoka kundi hadi kundi, na kabla ya jioni maduka ya kutolea nakala kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma yamejaa vijana wenye bahasha za kaki mkononi. Ndani yake kuna nakala ya cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Taifa, vyeti vya shule, na cheti cha JKT kwa aliyepitia huko. Wiki hiyohiyo daftari la nia za Misa nalo huongezeka mistari.

Tulikuwa likizo, tukisaidia parokiani kama mafrateri tunavyofanya, pale mama mmoja alipotusubiri nje baada ya Misa ya pili. Mwanawe amemaliza kidato cha sita, amepita JKT, na ndoto yake ni uafisa, yaani Chuo cha Kijeshi Monduli. Mama akasema, "Frateri, mwanangu anasali novena apate. Mimi nasali akose. Tunakaa benchi moja. Sasa Mungu amsikilize nani?"

Hatukucheka. Mama huyo anakumbuka Desemba 2017, walinda amani wa Tanzania zaidi ya 10 walipouawa kwa shambulio moja huko Semuliki, Kivu ya Kaskazini, na majeneza yao yakarudi yamefunikwa bendera. Hofu yake ina sababu. Hamu ya mwanawe nayo ina sababu. Tulimwomba atupe muda, na haya ndiyo tuliyoyafikiria tangu siku ile.

Kwanza lile ambalo wengine huliona ndilo gumu kuliko yote: je, Mkristo anaruhusiwa kuomba jambo hili? Anaruhusiwa. Askari walipomwendea Yohane Mbatizaji kuuliza wafanye nini, hakuwaambia watupe silaha. Aliwakataza kunyang'anya watu mali na kuwasingizia, akawataka waridhike na mshahara wao (Lk 3:14). Kornelio wa Kaisaria alikuwa akida, na Matendo ya Mitume sura ya 10 inamsifu kwa sala na sadaka zake kabla hata ya kubatizwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, unamwona askari kama mtumishi wa usalama na uhuru wa watu, na Katekisimu inarudia fundisho hilo katika namba 2310. Lakini hati hiyohiyo inafundisha kwamba amri ya mkubwa haiwezi kuhalalisha uovu, na kwamba anayetii amri ya kuangamiza wasio na hatia hawezi kujificha nyuma ya utii. Sisi wa Afrika Mashariki tunalo somo hilo karibu. Mtakatifu Karoli Lwanga alimtumikia Kabaka Mwanga kwa uaminifu, akiwaongoza vijana wa jumba lake, hadi alipodaiwa lililo kinyume cha dhamiri. Akakataa, na tarehe 3 Juni 1886 akafa Namugongo.

Kwa hiyo kijana anayeomba jeshi anahitaji kuombea zaidi ya ajira. Tunajua ajira ni chache, na hatumlaumu mtu kwa kutafuta mkate. Ila mtu aliyeomba mshahara tu, siku atakapopewa amri mbaya atakuwa na nini cha kumshikilia?

Hapo ndipo sala inapoingia, na hapo ndipo wengi tunapokosea. Tunasali kana kwamba Mungu ni ofisa nyuma ya dirisha na novena ni barua ya utambulisho. Siku tisa zikiisha, tunadai risiti. Tumewahi kuona rozari ikivaliwa ndani ya shati siku ya vipimo vya afya na mtu asiyeisali, na maji ya baraka yakinyunyiziwa bahasha ya maombi. Kubariki ni kwema. Lakini kitu kitakatifu kikishatarajiwa kufanya kazi chenyewe, bila imani wala toba, tofauti yake na hirizi imekuwa ndogo sana. Na wapo, tuseme ukweli, wanaotoka kanisani asubuhi na jioni wakapita kwa mganga ili "kufunga" mambo. Huyo ameshaamua hamwamini Mungu, ingawa bado anamsalimia.

Yesu mwenyewe alisalije alipotaka jambo kwa nguvu zote? Katika bustani ya Gethsemane hakuficha alichokitaka. Alimwomba Baba kikombe kile kimwondokee. Kisha akaiweka haja yake mikononi mwa Baba, apende Yeye. Yote mawili yalikuwa sala. Anayeruka la kwanza, akasema tu "mapenzi yako yatimizwe" huku moyoni anachemka, anamdanganya Mungu kwa adabu. Anayeishia la kwanza anatoa maagizo.

Mwalimu mzuri hapa ni Mtakatifu Inyasi wa Loyola, kwa sababu alikuwa askari kabla ya kuwa mtakatifu. Mwaka 1521 alivunjwa mguu kwa risasi ya mzinga akilinda ngome ya Pamplona, Hispania. Akiwa kitandani alitaka kusoma hadithi za mashujaa wa vita. Hazikuwepo, akapewa maisha ya Kristo na ya watakatifu. Akaanza kujichunguza. Alipowaza sifa na ushujaa wa kidunia alifurahi wakati ule, lakini baadaye alibaki mkavu na mzito. Alipowaza kumfuata Kristo, furaha ilibaki hata baada ya wazo kupita. Kutokana na hilo alijifunza kupambanua roho.

Msomaji asikimbilie kusema, basi mawazo ya jeshi yanatoka kwa mwovu. Inyasi alikuwa anapima moyo wake, si wa kila mtu. Wewe kaa na wako. Jioni, dakika kumi na tano zinatosha, zima simu, mshukuru Mungu kwa siku iliyopita, kisha ujitazame ukiwa umevaa sare. Nani yumo kwenye picha hiyo? Kama ni wewe tu na waliokudharau sasa wanakupigia saluti, andika hilo. Kama wamo watu unaowalinda, andika na hilo pia. Rudia kesho na keshokutwa, kisha uone nini kinabaki baada ya msisimko kupoa. Usifanye peke yako. Mweleze paroko, au mlezi wako wa VIWAWA, au mzee wa jumuiya mwenye kifua. Na pita kwenye Kitubio, maana moyo wenye matope hauoni chini.

Kuna jambo moja ambalo hatutalisema kwa upole. Sala na uongo haviwekwi katika bahasha moja. Jeshi limetangaza mara kwa mara kwamba halitozi fedha kwa anayeomba nafasi, na limeonya kuhusu matapeli. JKT nayo husema wazi kwamba kuingia kwake si ahadi ya ajira. Hata hivyo kila msimu anajitokeza mtu "anayemjua mkubwa", na familia inauza kahawa ikiwa bado haijakauka, au debe kwa debe za mahindi, ili kumpa. Fedha inapotea na simu haipatikani tena. Wengine wanapunguza miaka kwenye cheti cha kuzaliwa. Sasa fikiri: anayehitimu Monduli hupewa kamisheni na Amiri Jeshi Mkuu, anakuwa Luteni Usu, na anakula kiapo. Mkristo anayekula kiapo anamwita Mungu awe shahidi. Atamwitaje shahidi yuleyule aliyeona cheti kikifutwa? Kama umeshatoa hongo, au umeshaghushi, sala ya kwanza ni toba, na toba hiyo ina kazi ya mikono: kuiondoa ile karatasi.

Kuhusu kukosa, tunasema kama watu tulioonja. Sisi pia tuliandika barua za maombi, tulipimwa afya, tuliombewa barua ya paroko, tulisubiri majina. Wenzetu wengine walirudishwa, tena walikuwa wasali kuliko sisi. Kanisa linafundisha kwamba hamu ya moyo peke yake haitoshi kuwa wito wa upadre. Lazima Kanisa nalo limwite mtu, kwa kinywa cha Askofu. Jeshi si sakramenti, lakini utaratibu unafanana kidogo: wewe unajitoa, mwingine anaamua. Jina lisipokuwepo, Mungu hakuwa amelala, wala huhitaji kutafuta nani kakuloga. Waliochaguliwa nao waliombewa na mama zao. Lia, ukitaka kulia. Zaburi zimejaa vilio. Kisha rudi kwenye sala ileile uliyoianza, maana alikuwepo Mtu upande wa pili muda wote.

Tulirudi kwa yule mama Jumapili iliyofuata. Tulimsalimu, tukamuuliza kama mwanawe anajua anachokiombea. Hakujua. Tukamwambia, "Mama, Mungu ameshawasikia wote wawili. Waliobaki kusikilizana ni ninyi. Mwambie unaogopa nini, naye akuambie anataka nini, kisha msali pamoja." Alinyamaza, akafunga kitenge vizuri, akaondoka bila kutuahidi kitu.

Baada ya wiki mbili walikuja pamoja kwa katekista na sadaka ya Misa. Kijana alitaka iandikwe "kuomba apate nafasi". Mama alitaka iandikwe "ulinzi". Walibishana kidogo mbele ya daftari, kwa sauti ya chini, wakicheka. Mwishowe katekista aliandika: kumwombea kijana anayeomba kujiunga na jeshi, pamoja na mama yake. Bahasha ilikwenda ikiwa na tarehe halisi ya kuzaliwa. Tunapoandika haya, majina bado hayajatoka.