Upimaji wa Ulowanikaji wa Chembe za Makaa ya Mawe: Kanuni, Mbinu na Athari za Kisera

1. Utangulizi

Katika machimbo ya makaa ya mawe, yakiwemo ya Moatize nchini Msumbiji na Ngaka nchini Tanzania, unyunyizaji wa maji ni miongoni mwa kinga za msingi dhidi ya vumbi. Hata hivyo, chembe nyingi za makaa hazilowani kwa urahisi. Chembe isiyolowana huweza kukwepa tone, ikabaki hewani na hatimaye kuvutwa mapafuni. Makala haya yanafafanua jinsi ulowanikaji unavyopimwa na sababu za kutotegemea kipimo kimoja.

2. Kanuni

Mwaka 1805, Thomas Young alieleza kuwa tone lililotua juu ya kitu kigumu hufanya pembe ya mgusano. Pembe ikiwa chini ya nyuzi 90, maji hutandaa; ikizidi hapo, hujikusanya. Makaa, lakini, si kitu cha namna moja. Sehemu zenye kaboni nyingi huyakataa maji, ilhali vikundi vya oksijeni na madini ya mfinyanzi huyavutia. Ndiyo maana liginiti hulowana upesi kuliko makaa ya bituminasi, na makaa yaliyorundikwa hewani kwa muda mrefu hubadilika tabia.

3. Mbinu

Mbinu ya kwanza ni kushindilia unga wa makaa kuwa kidonge na kupima pembe ya tone juu yake. Ni rahisi, ila mikwaruzo na vinyweleo vya kidonge hupotosha pembe.

Mbinu ya pili hutumia mlinganyo wa Washburn wa mwaka 1921. Unga hujazwa katika mrija, kisha kasi ya kimiminika kupanda hupimwa: mraba wa kimo huongezeka sawia na muda. Kwanza hutumika kimiminika kinacholowanisha kikamilifu, kama heksani, ili kujua ukubwa wa njia zilizomo kati ya chembe. Udhaifu wake ni kwamba pembe ikizidi nyuzi 90 maji hayapandi. Hivyo sampuli zenye tatizo kubwa zaidi ndizo zisizotoa jibu.

Mbinu ya tatu ni kunyunyiza chembe juu ya michanganyiko ya maji na methanoli. Mvutano wa uso wa maji ni takribani milinyutoni 72 kwa mita, methanoli huushusha. Sehemu ya chembe zinazozama katika kila mchanganyiko huonyesha mtawanyo wa ulowanikaji, si wastani pekee.

4. Hitimisho

Namba ya pembe isiyoambatana na mbinu, ukubwa wa chembe na umri wa sampuli tangu ichimbwe haifai kuongoza uamuzi. Kabla ya kuidhinisha kemikali za kuzuia vumbi, mamlaka zidai vipimo vya vumbi laini la machimbo husika, vilivyofanywa kwa maji yatakayotumika hapo. Vinginevyo, maji yatamwagwa, fedha zitatumika, na wachimbaji wataendelea kuvuta vumbi lilelile.